Sura ya 8: Kompyuta Nzito – Itengenezwe, Iboreshwe au Inunuliwe Nyingine?

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma sura hii uweze:
(a) kutofautisha kutengeneza, kuboresha na kubadilisha kompyuta;
(b) kueleza kwa nini kompyuta huwa nzito;
(c) kufuata hatua za uchunguzi kwa mpangilio sahihi;
(d) kufanya uamuzi kwa kutumia hesabu, na kuutetea kwa maandishi;
(e) kutaja tahadhari za kulinda data, mtumiaji na mazingira.

8.1 Maneno matatu yasiyofanana

Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuyatumia maneno haya kana kwamba yana maana moja. Yashike vizuri kabla ya kuendelea.

Kutengeneza ni kuirudisha kompyuta katika hali yake ya awali baada ya kitu kuharibika au kuchafuka. Mfano: kubadilisha feni iliyokufa, kuondoa virusi, kusakinisha upya mfumo endeshi.

Kuboresha ni kuipa kompyuta uwezo ambao haikuwa nao ilipotoka kiwandani. Mfano: kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi GB 8, au kutoa diski ya sumaku na kuweka SSD.

Kubadilisha ni kuiacha kompyuta nzima na kununua nyingine, iwe mpya au ya mtumba.

Angalia mfano huu. Diski ya sumaku imekufa, ukanunua diski ya sumaku nyingine ya ukubwa uleule: umetengeneza. Ukiweka SSD mahali pake, umetengeneza na kuboresha kwa mkupuo mmoja.

8.2 Kwa nini kompyuta huwa nzito?

Kompyuta haichoki kama mwanadamu. Prosesa ya mwaka 2015 ikiwa nzima na haipati joto kupita kiasi, leo inakokotoa kwa kasi ileile iliyokuwa nayo mwaka 2015. Kwa hiyo mtu akisema "imezeeka", hajataja chanzo bado. Vyanzo vya kweli ni hivi:

1. RAM haitoshi. Programu na kurasa za intaneti za leo zinadai nafasi kubwa kuliko za zamani.
2. Diski ni ya polepole, imejaa, au inaanza kufa.
3. Programu ni nyingi mno, hasa zile zinazojiwasha zenyewe pamoja na kompyuta. Au kuna virusi.
4. Joto. Vumbi likiziba feni, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue.
5. Prosesa ni dhaifu kwa kazi inayofanywa, mfano kuhariri video kwa kompyuta iliyoundwa kwa ajili ya kuchapa barua.

Ili uelewe uhusiano wa RAM na diski, mfikirie karani ofisini. Meza yake ndiyo RAM, na kabati la mafaili lililo chumba cha pili ndilo diski. Meza ikiwa kubwa, mafaili yote ya siku hukaa mbele yake na kazi inakwenda. Meza ikiwa ndogo, kila akitaka faili jipya hulazimika kurudisha lingine kabatini. Siku nzima inaishia njiani. Kompyuta yenye RAM ndogo hufanya hivyohivyo: RAM ikijaa, mfumo endeshi huhamishia sehemu ya data kwenye diski na kuirudisha inapohitajika.

Safari hiyo ni ndefu kiasi gani? RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ya sumaku huchukua takriban milisekunde 10, yaani muda mrefu mara 100,000 zaidi. SSD huchukua takriban milisekunde 0.1, ambayo ni mara 1,000 tu.

Sababu ya diski ya sumaku kuchelewa ni kwamba ina sahani zinazozunguka na mkono unaosogea kutafuta data. Diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Tukokotoe:

Mizunguko kwa sekunde = 5,400 ÷ 60 = 90
Muda wa mzunguko mmoja = 1,000 ÷ 90 = milisekunde 11.1
Wastani wa kungoja (nusu mzunguko) = 11.1 ÷ 2 = milisekunde 5.6

Hapo mkono wenyewe haujahesabiwa. SSD haina sahani wala mkono. Data imo ndani ya chipu, hivyo hakuna cha kungojea kizunguke. Ndiyo maana kompyuta ileile, yenye prosesa ileile, ikiwekewa SSD huwaka kwa sekunde badala ya dakika.

8.3 Hatua za uchunguzi

Kanuni ni moja: anza na hatua isiyo na gharama, malizia na ya gharama kubwa. Anayeanza dukani hununua kifaa kabla ya kujua ugonjwa.

Hatua ya 1: Tenganisha uzito wa kompyuta na uzito wa mtandao. Kama kurasa za intaneti tu ndizo zinazochelewa, huku kuchapa na kufungua mafaili kunakwenda vizuri, unganisha simu kwenye mtandao huohuo. Simu nayo ikichelewa, tatizo ni mtandao. Hakuna RAM itakayoponya bando dogo.

Hatua ya 2: Soma vipimo vya kompyuta yenyewe. Kwenye Windows bonyeza vitufe Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litaonyesha asilimia ya prosesa, RAM na diski zinazotumika. Fungua kazi zako za kila siku, kisha tazama kipi kinafika karibu na asilimia 100 na kukaa hapo. Hicho ndicho kinachobana.

Hatua ya 3: Punguza mzigo. Ondoa programu zisizotumika, zima zinazojiwasha zenyewe, hakikisha hakuna kinga mbili za virusi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kagua virusi, na acha angalau sehemu moja ya kumi ya diski ikiwa wazi.

Hatua ya 4: Kagua joto. Kompyuta inayokwenda vizuri inapowashwa na kuanza kukwama baada ya dakika ishirini, feni ikipiga kelele, ina dalili ya vumbi. Kusafisha ni kazi ndogo.

Hatua ya 5: Kagua afya ya diski. Zipo programu za bure, kama CrystalDiskInfo, zinazosoma kumbukumbu za diski yenyewe na kusema kama ni nzima au inaelekea kufa. Diski ikigonga "tak, tak" au mafaili yakianza kugoma kufunguka, acha uchunguzi wote na hamisha data kwanza.

Hatua ya 6: Soma umri wa sehemu kuu. Kwenye prosesa za Intel za aina ya Core, tazama namba inayofuata kistari. i5-6300U ni ya kizazi cha 6. I5-8250U ni ya kizazi cha 8. Angalia pia kama mfumo endeshi ni wa biti 32 au 64, aina ya RAM (DDR3, DDR4), na kama kuna tundu la RAM lililo wazi.

Zingatia: Aina za RAM haziingiliani. Pengo lililokatwa kwenye DDR3 haliko mahali pamoja na la DDR4, kwa hiyo moja haiingii kwenye tundu la nyingine. Baadhi ya kompyuta mpakato nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao mama; hizo haziongezeki kabisa.

Muhtasari wa dalili:

| Dalili | Chanzo kinachowezekana | Hatua ya kwanza |
|---|---|---|
| Inachukua dakika nyingi kuwaka. Diski iko asilimia 100 | Diski ya sumaku, programu za kujiwasha | Zima programu. Fikiria SSD |
| Inakwama ukifungua kurasa au programu nyingi | RAM ndogo | Ongeza RAM kama ubao unaruhusu |
| Inaanza vizuri, inapunguza kasi ikipata joto | Vumbi, feni | Safisha |
| Mlio wa kugonga, mafaili yanapotea | Diski inakufa | Hamisha data, badilisha diski |
| Matangazo yanajifungua yenyewe | Programu hasidi | Kagua na uondoe virusi |
| Saa na tarehe hurudi nyuma kila ikizimwa | Betri ndogo ya ubao mama | Badilisha betri. Si sababu ya kununua kompyuta |

8.4 Maswali manne ya uamuzi

Baada ya kujua chanzo, jibu maswali haya kwa mpangilio.

Swali la 1: Kompyuta inafanya kazi gani? Kuchapa, kuchapisha na kujaza fomu za mtandaoni hakudai nguvu nyingi. Kuhariri video au kuchora ramani za majengo kunadai. Usiipime kompyuta kwa kazi ambayo mwenyewe haifanyi.

Swali la 2: Je, sehemu inayobana inabadilika? RAM na diski kwa kawaida hubadilika. Prosesa ya kompyuta mpakato nyingi haibadiliki. Ubao mama ukiungua, mara nyingi gharama hukaribia bei ya kompyuta nyingine.

Swali la 3: Je, mfumo endeshi bado unapata masasisho ya usalama? Swali hili husahaulika. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya hapo kuna mpango wa nyongeza wa muda mfupi tu. Windows 11 inadai RAM ya angalau GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha 8. Kwa kompyuta za chini ya hapo kuna njia nyingine: Linux, kwa mfano Linux Mint au Ubuntu, ambayo ni ya bure na hupata masasisho.

Swali la 4: Hesabu inasemaje? Tumia vipimo viwili.

Kipimo cha nusu: gharama ya kutengeneza au kuboresha ikizidi nusu ya bei ya kompyuta nyingine inayofanya kazi hiyohiyo, elekea kununua nyingine. Kumbuka: ilinganishe na kompyuta inayofanya kazi hiyohiyo. Ukilinganisha na kompyuta mpya ya bei ghali kuliko zote dukani, kila matengenezo yataonekana rahisi.

Kipimo cha gharama kwa mwaka:

Gharama kwa mwaka = (fedha inayotoka – fedha inayorudi) ÷ miaka inayotarajiwa ya matumizi

Vipimo hivi ni mwongozo, si sheria. Swali la 2 au la 3 likijibiwa "hapana" na kukosa njia mbadala, hesabu nzuri haitaiokoa kompyuta.

8.5 Mfano uliofanywa: kompyuta ya steshenari

(Bei zote ni za zoezi hili. Bei za kweli hubadilika kila siku. Ulizia maduka mawili au matatu.)

Mama mmoja ana steshenari karibu na shule ya sekondari. Kazi zake ni kuchapa barua, kuchapisha, kutoa kopi, na kuwajazia wanafunzi fomu za mtandaoni, zikiwemo za vyuo na mikopo. Ana kompyuta mpakato moja ya mtumba: prosesa i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 4 aina ya DDR4, diski ya sumaku GB 500, Windows 10. Huwaka kwa dakika 7. Wakati wa msimu wa kuomba vyuo, wateja hungoja mpaka wanahamia duka la jirani. Fundi wa kwanza amemwambia, "Hii imechoka, nunua nyingine." Mkononi ana shilingi 200,000. Fedha nyingine aliyonayo ni ada ya mtoto. Mshauri.

Uchunguzi. Kazi za kawaida zikiwa wazi, diski inakaa asilimia 100, RAM asilimia 92, prosesa asilimia 25. Programu za kujiwasha zimezimwa, nafuu ni ndogo. Diski ni nzima kiafya. Tundu moja la RAM liko wazi. Kwa hiyo prosesa haina kosa. Vinavyobana ni diski na RAM.

Njia zilizopo.

A. Kusakinisha upya mfumo endeshi pekee: sh. 30,000.
B. SSD ya GB 256 (75,000) + RAM ya GB 4 (45,000) + ufundi (20,000) = sh. 140,000. Matarajio: miaka 3.
C. Kompyuta ya mtumba ya kizazi cha 8 yenye SSD na RAM GB 8: sh. 550,000. Matarajio: miaka 5. Ya zamani itauzwa sh. 150,000.
D. Kompyuta mpya: sh. 1,300,000. Matarajio: miaka 6. Ya zamani itauzwa sh. 150,000.

Kipimo cha nusu. 140,000 ÷ 550,000 × 100 = asilimia 25.5. Iko chini ya nusu, kwa hiyo kuboresha kunakubalika.

Gharama kwa mwaka.

B: 140,000 ÷ 3 = sh. 46,667
C: (550,000 – 150,000) ÷ 5 = sh. 80,000
D: (1,300,000 – 150,000) ÷ 6 = sh. 191,667

Thamani ya muda. Kwa siku anahudumia kazi 20, na kila kazi inacheleweshwa takriban dakika 2. Ongeza dakika 6 zinazopotea wakati wa kuwasha.

Kwa siku: (20 × 2) + 6 = dakika 46
Kwa mwezi wa siku 26: 46 × 26 = dakika 1,196, karibu saa 20

Kama saa moja ya kazi humwingizia sh. 3,000, uzito wa kompyuta unaweza kumnyima karibu sh. 60,000 kwa mwezi. Njia B ingerudisha gharama yake ndani ya miezi mitatu. Andika neno "unaweza": hesabu hii ni kweli kama wateja wapo wa kujaza saa hizo. Msimu wa kuomba vyuo wapo. Mwezi mtulivu huenda wasiwepo.

Mfumo endeshi. Hapa ndipo jibu zuri hutengana na jibu la kawaida. Wengi wataishia kusema "aweke SSD". Lakini prosesa ya kizazi cha 6 haiko kwenye orodha ya Windows 11, na kompyuta hii inapitisha nywila, namba za mtihani na taarifa za familia za wanafunzi. Kuifanya iwe ya kasi huku mlango wa usalama ukiwa wazi ni nusu ya kazi. Basi njia B iambatane na Linux Mint. Uchapaji utafanyika kwa LibreOffice, na fomu zinajazwa kwenye kivinjari kama kawaida. Kabla ya kufuta chochote, Linux iwashwe kutoka kwenye flashi ili kujaribu kama printa na skana zinafanya kazi. Faili chache za wateja zilizoandikwa kwa Microsoft Word zifunguliwe pia, kwa sababu mpangilio wa kurasa unaweza kusogea.

Uamuzi. Achague njia B pamoja na Linux, mradi printa na skana zimekubali katika jaribio. Gharama ni sh. 140,000, iko ndani ya sh. 200,000, na ada haiguswi. Sh. 60,000 inayobaki iwe mwanzo wa akiba ya kompyuta ijayo. Kama printa au skana imegoma kabisa, njia C ndiyo sahihi, na asiweke fedha kwenye kompyuta ya zamani. Katika hali hiyo aanze na njia A ili apate nafuu ndogo, adunduize mpaka fedha itimie. Windows 10 ikiendelea kutumika kwa muda huo, nywila za wanafunzi zisihifadhiwe humo hata siku moja.

Ona kwamba fundi wa kwanza hakuwa mwongo moja kwa moja. Njia C ni nzuri. Kosa lake ni kutoa hukumu bila kipimo na bila kuuliza mteja ana shilingi ngapi.

8.6 Mifano miwili mifupi

Mfano wa kutengeneza. Kompyuta mpakato ya miaka miwili, kizazi cha 11, RAM GB 8, SSD. Inakwama mchana baada ya nusu saa. Uchunguzi: joto kali, feni imejaa vumbi. Kusafisha na kupaka upya dawa ya kupitishia joto juu ya prosesa: sh. 25,000. Hakuna haja ya kununua kifaa chochote. Hapa ndipo methali ya "usipoziba ufa utajenga ukuta" inapofaa: joto likiachwa, mwisho huua ubao mama.

Mfano wa kubadilisha. Kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core 2 Duo, RAM GB 2 aina ya DDR2. Diski inagonga, na kwenye ubao mama kapasita zimevimba. Matengenezo: sh. 180,000. Kompyuta ya mezani ya mtumba yenye uwezo zaidi, bila skrini: sh. 220,000. Kipimo cha nusu: 180,000 ÷ 220,000 × 100 = asilimia 81.8. Inunuliwe nyingine. Skrini, kibodi na kipanya vikiwa vizima viendelee kutumika, kwa sharti kwamba plagi za skrini zinaingiliana.

8.7 Tahadhari

Kabla ya kumkabidhi fundi:
1. Weka nakala rudufu ya mafaili kwenye diski ya nje au flashi, kisha fungua faili mbili tatu kuhakikisha zinafunguka. Nakala isiyojaribiwa haijawa nakala.
2. Andika kwenye karatasi aina ya prosesa, ukubwa wa RAM, ukubwa wa diski na namba ya kompyuta. Zipime tena ukiipokea.
3. Toka kwenye akaunti za barua pepe na benki. Usimpe fundi nywila ya akaunti hizo.
4. Dai kifaa cha zamani kilichotolewa pamoja na risiti ya kipya.

Kabla ya kuuza au kutupa kompyuta: kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuondoi data, programu za kurejesha mafaili zinaweza kuyaleta. Diski isafishwe kwa programu maalumu, au itolewe ibaki kwako.

Mazingira. Mwaka 2022 dunia ilizalisha takriban tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndani ya kompyuta za zamani kuna risasi, zebaki na kadimi. Kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wa sumu unaovutwa kwanza na anayechoma, mara nyingi kijana. Kuongeza miaka mitatu ya matumizi ni njia rahisi ya kupunguza taka hizi. Kompyuta isiyofaa tena ipelekwe kwa wakusanyaji wanaotambulika, si jalalani.

8.8 Makosa yanayowagharimu watahiniwa

- Kuandika "kompyuta ni ya zamani" kama chanzo. Umri si chanzo. Taja sehemu inayobana.
- Kupendekeza RAM kwa kila tatizo. RAM iliyotumika asilimia 50 tu haihitaji kuongezwa.
- Kusahau nakala rudufu. Hii iwe hatua ya kwanza katika kila jibu linalogusa diski.
- Kufanya hesabu bila kuhitimisha. Baada ya asilimia 25.5, andika inamaanisha nini.
- Kutoa uamuzi usiolingana na fedha iliyotajwa kwenye swali. Bajeti ni sehemu ya swali.

8.9 Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kutengeneza na kuboresha kompyuta. Toa mfano mmoja kwa kila kimoja. (Alama 4)

2. Kompyuta ina RAM GB 4 na mfumo endeshi wa biti 32. Mmiliki anataka kuongeza RAM ifike GB 8 bila kubadilisha mfumo endeshi. Kwa kutumia hesabu, eleza kama atanufaika. (Alama 4)

3. Diski huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Tafuta wastani wa muda wa kungoja mzunguko kwa milisekunde. (Alama 3)

4. Shule ina kompyuta 10 za mezani zinazofanana: prosesa ya kizazi cha 8, RAM GB 8, diski ya sumaku, Windows 10. Huwaka kwa dakika 6. Kuweka SSD ni sh. 90,000 kwa kila moja. Kompyuta nyingine ya mtumba yenye SSD ni sh. 400,000. Bajeti ni sh. 1,000,000. Toa pendekezo na ulitetee. (Alama 8)

5. Fundi amesema "nunua nyingine" bila kuiwasha kompyuta. Taja maswali manne ambayo mteja amuulize. (Alama 4)

Mwongozo wa majibu

1. Kutengeneza hurudisha hali ya awali, mfano kubadilisha feni mbovu kwa feni ya aina ileile. Kuboresha huongeza uwezo ambao haukuwepo, mfano kuweka SSD badala ya diski ya sumaku.

2. Anwani za biti 32 ni 2³² = 4,294,967,296, yaani baiti za GB 4. Mfumo huo kwa kawaida hauwezi kutumia RAM iliyozidi hapo, hivyo hatanufaika. Akitaka RAM zaidi, kwanza ahakikishe prosesa ni ya biti 64, kisha asakinishe mfumo endeshi wa biti 64.

3. 7,200 ÷ 60 = mizunguko 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja = 1,000 ÷ 120 = milisekunde 8.33. Nusu yake = milisekunde 4.17.

4. Gharama ya kuboresha zote: 10 × 90,000 = sh. 900,000, ndani ya bajeti. Kipimo cha nusu: 90,000 ÷ 400,000 × 100 = asilimia 22.5, chini ya nusu. Kwa bajeti hiyo zingenunuliwa kompyuta 2 tu (sh. 800,000), na 8 zingebaki nzito. RAM inatosha, na prosesa ya kizazi cha 8 kwa kawaida inakubali Windows 11 ikiwa TPM 2.0 imewashwa. Pendekezo: nakala rudufu ziwekwe, SSD iwekwe kwenye kompyuta moja na ijaribiwe, ikifaulu, ziwekwe kwenye 9 zilizobaki pamoja na Windows 11. Sh. 100,000 inayobaki itumike kusafisha vumbi na kununua kifaa cha nakala rudufu. Alama hugawanywa kwa hesabu, mfumo endeshi, nakala rudufu na hitimisho.

5. Maswali yoyote manne kati ya haya: Ni sehemu gani inayobana, na umeipima vipi? Je, sehemu hiyo inabadilika? Kutengeneza au kuboresha kutagharimu kiasi gani ukilinganisha na kununua nyingine? Je, prosesa hii inakubali mfumo endeshi unaopata masasisho? Afya ya diski ikoje, na data zangu zitahifadhiwa vipi?